Mwenda Bure na Mkaa Bure

Ziko methali mbili za Kiswahili ambazo hazipatani. Ya kwanza husema mtembezi hula miguu yake. Ya pili husema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mtoto huzisikia zote mbili katika nyumba moja, pengine katika kinywa kimoja, akaachwa achague mwenyewe. Lakini katika nyumba nyingi za leo, na hata katika vyuo, hukumu imekwisha kutolewa kabla ya kesi kusikilizwa. Methali ya kwanza imekalishwa kitini na ya pili imesimamishwa mlangoni. Mtu akifunga mzigo wake, haulizwi atakwenda kuona nini; huulizwa ametumwa na nani.

Wachukuliwe marafiki wanne wa chuo kimoja cha Dar es Salaam. Mmoja wao akisema anakwenda Guangzhou kununua bidhaa, hupewa dua pamoja na orodha ya vitu vya kuletwa. Wa pili akisema anakwenda msibani, hupewa pole na nauli. Wa tatu akipata kazi mkoani, hufanyiwa karamu ya kuagwa. Lakini wote wanne wakisema kwa pamoja kwamba wamechangishana nauli, watapanda basi mpaka Lushoto, na kutoka huko watakwenda kwa miguu juu ya milima ya Usambara mpaka Mtae, bila ya mwajiri kuwatuma, bila ya mwalimu kuwaongoza na bila ya kampuni kuwapeleka, hapo nyuso hukunjamana. Wakubwa huuliza wana ndugu gani huko. Wenzao hucheka na kusema wameanza kuiga Wazungu. Mwenye busara kupita wote huwaambia kwamba mlima haukimbii: wamalize masomo, wapate kazi, wajenge nyumba, ndipo wakatembee. Ushauri huu umevaa joho la hekima, lakini umewazika watu wengi ambao hawakuwahi kujua kilicho nyuma ya kilima chao.

Mashitaka dhidi ya marafiki hawa ni matatu: kwamba wanaiga, kwamba wanatafuta yaliyokwisha kuandikwa vitabuni, na kwamba wanapoteza mali na kujitia hatarini. Kila moja lastahili jawabu lake.

Shitaka la kuiga ndilo jepesi, na ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa zaidi. Hudaiwa kuwa kutembea kwa ajili ya kuona ni desturi ya wageni wenye kofia pana na kamera shingoni. Anayesema hivi haijui nasaba yake mwenyewe. Usambara yenyewe, kwa masimulizi ya Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, ilipata ufalme wake kwa mwenda njia. Mbegha alitoka Nguu amekataliwa na jamaa zake, mali yake mikuki na mbwa wa kuwindia. Akapanda milima hii, akawagawia watu nyama, akasikiliza mashauri yao, akaua simba, nao wakamtawaza Vuga. Ukoo uliotawala huko mpaka uchifu ulipoondolewa baada ya uhuru wa 1961 ulianzishwa na mgeni aliyefika kwa miguu yake. Hakuchukua barua ya sultani wala hakutumwa na mtu.

Nathari ya Kiswahili nayo ilijifunza kusema njiani. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Ujerumani Safari za Wasuaheli. Ndani yake mna habari za Selemani bin Mwenye Chande aliyeingia bara, na za Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia. Mwaka 1931 Martin Kayamba, aliyekuwa mtumishi wa serikali Tanga, alikwenda Uingereza, akarudi na kuandika kwa Kiswahili aliyoyaona na aliyoyafanya. Basi kusafiri na kusimulia ni urithi wa Waswahili wala si vazi la kuazima.

Hata hivyo haki haina budi kusemwa. Salim alikuwa katika msafara wa bwana wake Mjerumani. Kayamba aliitwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya kuunganishwa kwa nchi za Afrika Mashariki. Macho yalikuwa yao, lakini njia ilikuwa ya mwingine. Walikwenda pale walipopelekwa na wakarudi walipoambiwa warudi. Hiyo si aibu yao. Ndiyo hali ya zama zao. Lakini zama zimebadilika, na jambo ambalo wao hawakuruhusiwa kulifanya sasa laweza kufanywa na kijana yeyote mwenye nauli ya basi na jozi ya viatu. Kuikataa ruhusa hiyo kwa hiari, na kuiita heshima, ni kujirudisha katika msafara wa bwana baada ya bwana mwenyewe kuondoka.

Mabarazani huhimizwa mara kwa mara kwamba elimu itafutwe hata ikiwa Uchina. Msemo huo mashuhuri umefupishwa na biashara. Umebaki "Uchina", na "elimu" imedondoka. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki huzijua leo njia za Guangzhou na Yiwu kama wanavyozijua njia za Kariakoo, na hapana lawama katika riziki ya halali. Lakini ikiwa mtu atakwenda huko kutafuta elimu hasa, hana budi kukutana na habari za Xu Xiake. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1587 na kufa mwaka 1641. Katika nchi ambayo kila kijana mwenye akili alitazamiwa kufanya mitihani ya serikali na kupata cheo, yeye alikiacha cheo, akatembea juu ya milima ya Uchina kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini, akiandika kila siku aliyoyaona. Hakutumwa na mfalme. Mama yake ndiye aliyemhimiza atoke. Aliporwa njiani, alishinda na njaa. Katika safari yake ndefu ya mwisho aliandamana na rafiki, mtawa aliyeitwa Jingwen. Mtawa yule alipokufa njiani, Xu aliichukua mifupa ya rafiki yake mpaka mlima wa Jizu, kule Yunnan, mahali ambapo marehemu alitamani kufika.

Faida yake ilikuwa nini? Kitabu kimoja cha kale, kilichoheshimiwa na wasomi wa Uchina karne nyingi, kilikuwa kikifundisha kwamba mto mkuu wa nchi ile, ambao wageni huuita Yangtze, unaanzia katika mto Min. Wasomi walikaa juu ya mikeka yao na kuyakariri maneno hayo. Xu alikwenda, akatazama, akaandika kwamba sivyo: mkono mrefu wa mto ule ni Jinsha, utokao mbali zaidi. Miguu ya mtu asiye na cheo ilikisahihisha kitabu ambacho wenye vyeo walikiinamia. Uchina wa leo, tangu 2011, huiadhimisha tarehe 19 Mei, tarehe ya kwanza katika shajara yake, kuwa siku ya safari na utalii. Basi atakayefuata elimu mpaka Uchina ataikuta elimu yenyewe ikimrudisha nyumbani, maana mwalimu wake ataulizia milima ya kwao: ni nani aliyeitembea?

Swali hilo lafungua shitaka la pili, ambalo ni la wasomi. Wao hawacheki, wao huonyesha rafu. Husema Usambara imekwisha kujulikana. Krapf alifika Vuga mwaka 1848 na kumwona Kimweri ye Nyumbai. Steven Feierman, Mmarekani, alitoa kitabu chake juu ya ufalme wa Wasambaa mwaka 1974 na kingine juu ya fikra za wakulima wao mwaka 1990. Wataalamu wa mimea wameihesabu misitu ya Amani tangu Wajerumani walipofungua kituo chao huko mwaka 1902. Kijana atakayepanda leo ataongeza nini?

Jawabu limo ndani ya majina hayo hayo. Kila aliyetajwa alikwenda. Feierman hakuukuta ufalme wa Wasambaa katika rafu ya maktaba. Aliukuta katika vinywa vya wazee, kwa lugha yao. Hapana sababu ya kuwalaumu waliokuja kutoka mbali wakaona. Lawama ni ya walio karibu waliokaa, kisha wakasoma habari za milima yao kama mtu asomaye barua aliyoandikiwa jirani. Anayetembea ndiye hutoa majina. Wajerumani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, mfalme wao. Jina hilo lilifutika. Lakini ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye unyevu katika misitu ya Usambara bado linajulikana na wengi duniani kwa jina la Saintpaulia. Ofisa mmoja Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliandika kwa jina lake. Leo hupandwa katika vyungu vya madirisha ya Ulaya na Marekani. Ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili wawezao kulitaja kwa jina la wenyeji wa milima? Kamusi hailetewi maneno na upepo. Huletewa na mtu aliyeinama kando ya njia akauliza.

Tena kuna elimu ambayo kitabu huitaja lakini hakiwezi kuitoa. Basi linapoacha njia kuu pale Mombo, mashamba ya mkonge hubaki chini na joto lake. Barabara ya yapata kilomita 33 hupanda kwa kujipinda, hupita Soni penye maporomoko ya maji, hata ikafika Lushoto, kwenye kimo cha yapata mita 1,400. Aliyekuwa akijipepea Mombo hutafuta sweta Lushoto. Marafiki wanne wakilala hapo, wakaamka na kwenda mpaka ukingo wa Irente, watasimama juu ya jabali na kuiona nchi imekatika chini ya miguu yao: Mazinde, mashamba ya mkonge, reli, barabara, kisha nyika isiyo na mwisho. Vitabu vya historia husema kwamba Semboja, mwana wa Kimweri, aliweka makao yake Mazinde badala ya kukaa juu mlimani, na kwamba baada ya kufa kwa baba yake mwaka 1862 nguvu za Vuga zilidhoofika. Mwanafunzi huikariri sentensi hiyo akapata alama zake. Pale Irente haikariri, huiona. Njia ya misafara ilipita chini, bunduki na nguo zilipita chini, na mfalme wa juu alikuwa akitazama biashara ya dunia ikimpita kama mtu wa dirishani atazamavyo harusi isiyo yake. Mara moja mmoja wa wale wanne atauliza kwa nini basi Mbegha alipanda. Mwingine atamjibu kuwa zama za Mbegha uhai ulikuwa juu, penye mvua. Wa tatu atabisha. Ubishi huo, njiani, baina ya watu wanaopendana na wasioogopa kusahihishwa, ndio darasa lisilo na ada.

Kutoka Lushoto njia hupanda Magamba, ikaingia katika msitu ambao ukungu wake hushuka mchana. Mbele yake mna Lukozi, kisha vijiji vilivyoning'inia kwenye miteremko, na mabondeni kabichi, karoti na viazi vilivyopangwa kwa mistari, ambavyo kesho yake vitakuwa sokoni Dar es Salaam. Mlaji wa mjini huvijua vyakula hivi kwa bei tu. Njiani atawaona wanawake wanaovibeba kwa kichwa mpaka penye gari. Atawasikia Wasambaa, Wapare na Wambugu, na hao wa mwisho wana lugha ya ndani ambayo imewashughulisha wataalamu, kwa kuwa sarufi yake ni ya Kibantu na maneno yake mengi si ya Kibantu. Mwishoni, Mtae, kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima kama mtu aliyepanda punda, na nyika ya Mkomazi imelala chini. Siku ya mbingu safi Kilimanjaro huonekana. Marafiki wenye nguvu waweza kuufuata mto Umba, utokao katika misitu ya Shagayu, ukapita bonde la Mlalo, ukashuka nyikani, na kuingia baharini upande wa Kenya karibu na Vanga. Huo ni mto mmoja, nchi mbili, na lugha kadhaa. Xu Xiake angalikwisha kuufuata.

Kama faida ingekuwa ni kuburudika tu, shauri hili lisingestahili wino. Lakini bonde hilo la Mlalo lina habari inayoonyesha hasara ya kutokwenda, au ya kwenda bila ya kusikiliza. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza huko mpango wa kuokoa udongo. Hofu yake haikuwa ya uongo: miteremko ilikuwa ikimomonyoka na watu wakiongezeka. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta. Kazi ilikuwa nzito, ikawaangukia hasa wanawake, na aliyeiacha aliadhibiwa. Maofisa hawakukosa miguu. Walipanda, wakapima, wakaandika. Walichokosa ni sikio. Katika Kisambaa kuna kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Kwa Wasambaa nchi haiponywi kwa udongo peke yake. Huponywa kwa mvua, na kwa watawala wasiogombana, na kwa watu wasiodhulumiwa. Amri iliyokuja kuponya udongo kwa kuwaumiza watu ilikuwa, kwa lugha yao, ni kuharibu. Wakulima waliipinga, na kabla ya uhuru mpango ukaachwa. Uchungu wake ukawa mbolea ya siasa za kudai uhuru.

Ofisa yule alikuwa mgeni, na mgeni ana udhuru. Lakini wanafunzi wa leo ndio watakaoandika mipango ya kesho: ya misitu, ya maji, ya mashamba ya miteremkoni. Wataiandika Dodoma na Dar es Salaam, kwa kalamu nzuri. Ikiwa nao hawajapata kuketi juu ya jiwe la Mlalo na kumsikiliza mama mwenye jembe, bila ya fomu ya maswali mkononi na bila ya gari la serikali kusubiri, watakuwa na udhuru gani? Ofisa wa zamani alikuwa na miguu bila sikio; mrithi wake hatakuwa na sikio wala miguu.

Ziara ya mafunzo, itasemwa, yatosha. Haitoshi. Ziara ina faida yake, lakini mwanafunzi huenda akijua atakachokiandika kabla ya kupanda gari, na mwenyeji huonyesha kile alichoambiwa aonyeshe. Msafiri asiyetumwa hana ripoti ya kuipendeza. Aweza kukaa siku tatu mahali alipokusudia kupita. Aweza kukosea njia, na aliyekosea njia huuliza, na aulizaye hukaribishwa.

Limebaki shitaka la tatu, la mali na hatari, nalo ndilo lenye haki zaidi. Ni kweli kwamba nauli ni fedha, na mzazi aliyeuza ng'ombe kumsomesha mwana hapendi kusikia kwamba mwana anatembea. Lakini nauli ya Lushoto si nauli ya Guangzhou, na vijana wengi huitumia mara mbili katika harusi moja. Ni kweli pia kwamba mzazi mwenye binti ana hofu. Hofu hiyo haiponywi kwa kumfungia binti ndani na kumwachia kaka yake dunia. Huponywa kwa wingi wa wenza, kwa kujulikana wanakolala na kwa kuwapigia hodi wenyeji kabla ya jua kuchwa. Nchi ambayo mabinti zake hawawezi kuitembea haina haki ya kujisifu kwa amani.

Wako pia wanaosema kwamba msafiri wa kujitegemea humnyang'anya mwongozaji riziki, na huharibu msitu. Hapa marafiki wanne wawe na adabu. Misitu ya hifadhi kama Magamba ina vibali na ada: walipe. Mahali penye njia za kupotea wamwajiri kijana wa Lushoto azijuaye, na wamlipe haki yake bila ya kupunguza. Maua wayaache yalipo, na moto wasiuwashe. Kujitegemea maana yake si kumkwepa mwenyeji. Maana yake ni kutomkodisha mtu mwingine akutazamie. Kiongozi wa njia huajiriwa. Kiongozi wa macho hapana.

Vijana wa Usambara kwa miaka mingi wameshuka Mombo kwenda mijini kutafuta maisha. Wanaijua Dar es Salaam mtaa kwa mtaa, kwa sababu waliitembea wamebeba bidhaa begani. Mlima umekwisha kuujua mji. Ni mji ambao haujaujua mlima, na hauoni haya. Deni hili halilipwi kwa hotuba. Vyuo vinaweza kuanza kulilipa kwa jambo dogo: makala ya safari iliyoandikwa kwa Kiswahili na mwanafunzi aliyekwenda kwa hiari yake ipewe nafasi na ipimwe kama kazi ya elimu, kwa ukweli wake na kwa maneno mapya iliyoyaleta, badala ya kuhesabiwa kuwa mchezo wa likizo. Wazazi nao wabadili swali la mlangoni. Na marafiki wanne wasingoje yote hayo.

Atakayerudi kutoka Mtae pengine hatakuwa ameokota kitu cha kuuza. Atakuwa na matope viatuni, neno moja au mawili ya Kisambaa, na jambo fulani aliloliamini kwa miaka ambalo sasa halisadiki tena. Aliyebaki nyumbani atamwuliza amepata nini, naye huenda asiwe na jawabu la haraka. Lakini siku itakapokuja, na wote wawili wakiitwa mezani kuamua juu ya mto wa watu wengine, tofauti ya mwenda bure na mkaa bure itaonekana, na watakaoilipia ni watu wa bondeni.